Fungu la Arusha na Kilo ya Nairobi

Siku mliponiaga mlinipa blanketi, chupa ya chai na hotuba tatu. Blanketi nalitumia, chupa wameichukua wajukuu, na hotuba nimezisahau, mnisamehe. Ila nakumbuka kwamba wakati wa kukata keki mmoja wenu aliniuliza zamani tulikuwa tunalinganishaje maisha ya Tanzania na ya Kenya bila kompyuta. Nikamjibu kwamba tulilinganisha kwa miguu. Mkacheka, mkadhani ni utani wa bibi anayestaafu. Basi leo nimekaa hapa nyumbani Sokon One, ng'ombe ameshakamuliwa, Mlima Meru umejifunika mawingu kama kawaida yake, na nawaandikia habari za hiyo miguu.

Vyeo sitavigusa. Nilipanda mara mbili tu, na mara moja kati ya hizo nashuku ilikuwa makosa ya mpiga chapa.

Nilipoanza kazi ofisi yetu ilikuwa vyumba vitatu juu ya duka la vitambaa. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, mipaka imelegezwa na maduka yameanza kujaa. Kampuni na mashirika yenye wafanyakazi Tanzania na Kenya yalitaka kujua jambo moja: mfanyakazi wa Arusha anaishije, na mwenzake wa Nairobi mwenye kazi ile ile anaishije? Swali halikuwa la bei peke yake. Tuliuliza maji yanatoka wapi, mtoto anatembea kiasi gani kufika shule, mgonjwa anakaa foleni muda gani, na Jumapili mchana familia inafanya nini. Majibu yote yaliingia kwenye dodoso la kurasa kumi na mbili, nakala tatu kwa karboni, na vidole vyangu vilikuwa vya bluu mpaka siku ya harusi yangu.

Siku ya kwanza nilivaa viatu vya visigino virefu. Msimamizi wangu, Mzee Saning'o, aliviangalia, akanitembeza kutoka mjini mpaka Sombetini na kurudi. Siku ya pili nilikuja na raba.

Mzee Saning'o alikuwa Mwarusha wa upande wa Olmotonyi, mrefu, mpole, mwenye ng'ombe wengi kuliko alivyokiri. Kabla ya hapo alikuwa karani wa kupima kahawa kwenye chama cha ushirika, na tangu huko alikuwa haamini kitu chochote ambacho hakijaning'inizwa kwenye mizani. Ndiye aliyenikabidhi vifaa vyangu: kikapu cha ukindu, futi kamba, penseli mbili na mizani ndogo ya ndoano. Kanuni zake zilikuwa chache. Nunua, usiulize, kwa maana bei unayotajiwa siyo bei watu wanayolipa. Ingia jikoni, usiishie sebuleni. Na pima kila kitu. Mkumbuke hiyo ya mwisho, kwa sababu mimi niliisahau.

Dodoso lenyewe lilikuwa la zamani. Lilikuwa na safu ya bei ya serikali na safu ya bei ya ulanguzi. Siku moja tuliletewa barua kwamba ile ya pili sasa iitwe bei ya soko. Mlanguzi wa juzi akawa mfanyabiashara wa leo bila hata kuhama kibanda chake. Na ile dawa ya meno tuliyokuwa tukiletewa kwa kificho kutoka Namanga, ikiwa imefichwa ndani ya soksi, sasa ilikuwa imepangwa mbele dukani, na ya aina tatu. Nilisimama nikaitazama hadi mwenye duka akaniuliza kama ninaumwa jino.

Nyumba ya kwanza iliyonishinda ilikuwa Sombetini. Niliuliza wanalipa kodi ya nyumba kiasi gani, wakasema hawalipi, nikaandika sifuri na kufurahi kwamba watu wa Arusha wanakaa bure. Mzee Saning'o alinirudisha kesho yake nikaulize habari za simenti. Kumbe watu sita walikuwa wanalala kwenye chumba kimoja kilichoezekwa, vyumba vingine vitatu viko wazi juu, na kila mwisho wa mwezi mifuko miwili ya simenti inanunuliwa kabla ya nyama. Ile sifuri yangu ilikuwa ndiyo gharama yao kubwa kuliko zote.

Upande wa Kenya mwenzangu alikuwa Mutiso, Mkamba mchangamfu aliyetembea kama mtu anayekimbilia treni. Mara mbili kwa mwaka nilikwenda Nairobi kuona anavyofanya kazi, na mara mbili yeye alikuja kwetu. Tulitaniana bila kuchoka. Alisema sisi Watanzania tunasalimiana mpaka chai inapoa, nami nikamwambia wao wana barabara nzuri za kuwahi kulipa kodi ya nyumba. Na kweli, Nairobi karibu kila niliyemkuta alikuwa amepanga, huku nyumba anayoijenga iko Machakos au Murang'a, ambako dodoso letu halikufika. Nairobi niliona taa, hospitali zenye dawa na ajira za kila namna, lakini pia niliona baba ambao watoto wao waliwaona Jumapili tu. Arusha tulikuwa na maji ya mlimani, maziwa yaliyoletwa mlangoni, na watoto wanne kwenye dawati moja. Ukiniuliza nani alikuwa anaishi vizuri zaidi, nitakuuliza kwanza ni siku gani ya wiki.

Sasa nifike kwenye kesi yenyewe, maana ndiyo iliyonifundisha kazi.

Kampuni moja ya mbegu ilikuwa na ghala la kufungasha Arusha na lingine Nairobi. Wafanyakazi wa pande zote mbili walipata posho ya chakula. Meneja alitaka tulinganishe bei za vyakula kwa miezi minane, kuanzia Desemba, ili aamue kama posho ya Arusha ibaki ilivyo au ipunguzwe. Mzee Saning'o alinipa kazi hiyo niifanye mwenyewe kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Nilijiona nimefika.

Kila Jumanne nilikwenda Soko Kuu na kikapu. Wiki ya kwanza nilitoa mizani yangu mbele ya meza ya nyanya, na akina mama wakanyamaza safu nzima. Walidhani nimetumwa na watu wa vipimo. Mmoja alianza kukunja turubai. Nikaona haya, nikairudisha mizani kikapuni, nikanunua fungu la nyanya, fungu la vitunguu, fungu la mchicha na fungu la dagaa kama mteja yeyote, nikaandika bei. Tangu siku ile mizani ilikaa chini ya kikapu. Akina mama wakanizoea, wakaanza kuniita mkwe. Kwangu mapokezi hayo yalikuwa ndiyo ustadi wa kazi.

Vitu nilivyonunua nilivipeleka ofisini, na mpishi wetu, Bi Zaina, alivipika mchana tukala wote. Kadiri miezi ilivyokwenda mchuzi wake ulikuwa unazidi kuwa mwepesi. Tulimsema sana. Mhasibu alimuuliza kama siku hizi anapika na mtungi wa maji peke yake. Bi Zaina alijibu kwamba anapika alicholetewa, na hakuna aliyemsikiliza, wala mimi niliyemletea.

Ulipotimia mwezi wa nane wa kazi hiyo, jedwali langu lilikuwa zuri ajabu. Nyanya bei ile ile tangu Desemba, vitunguu bei ile ile, mchicha bei ile ile. Safu ya Mutiso wa Nairobi ilikuwa inapanda kama ngazi. Nikaandika rasimu ya ripoti kwamba chakula cha Arusha ni rahisi na bei zimetulia. Meneja aliisoma, akafurahi, na akasema posho ya Arusha itapunguzwa kwa theluthi. Tulipangiwa kikao wiki mbili baadaye ili nimkabidhi ripoti kamili.

Kabla ya kikao ilibidi nizungukie nyumba za wafanyakazi kwa mara ya mwisho. Mojawapo ilikuwa ya Mama Aika, pale Sombetini. Alikuwa mfungashaji wa mbegu, mzaliwa wa Machame, mwenye watoto wanne na mume fundi uashi ambaye kazi zake zilikuja na kupotea. Posho hiyo ndiyo iliyolisha nyumba. Mshahara ulikwenda kwenye ada na simenti. Nilimkuta anachambua mchicha mlangoni, akanikaribisha kiti, akaendelea kuchambua.

"Dada Penieli," akasema, "kazini wanasema posho inakatwa. Wanasema karatasi ni yako."

Nilimwambia karatasi ni ya ofisi, mimi naandika ninachokiona, na bei za sokoni hazijapanda. Nilisema kwa sauti ya mtaalamu. Hakubisha. Alinawa mikono, akachukua kikapu chake, akaniambia twende sokoni pamoja, yeye anunue na mimi niangalie.

Tulikwenda. Alisimama mbele ya meza ile ile niliyonunua kila Jumanne, akachukua fungu moja la nyanya, akalipa, akachukua la pili, akalipa, akanigeukia akiwa ameshika mafungu yote mawili.

"Bei haijapanda, umesema kweli," akasema. "Desemba fungu lilikuwa nyanya tano. Leo ni tatu. Sasa wewe umehesabu nini?"

Ndugu zangu, niliona aibu ambayo hadi leo nikiikumbuka natafuta kitu cha kushika. Kwa sababu nilikuwa najua. Hakuna mwanamke Arusha asiyejua kwamba muuza mboga hapandishi bei ya fungu. Mteja wake amezoea sarafu ile, akimpandishia watagombana, kwa hiyo anapunguza fungu na wote wawili wanajifanya hawajaona. Mimi mwenyewe nyumbani kwangu nilikuwa nimeanza kununua mafungu mawili tangu Kwaresima, na kunung'unika juu yake kila siku. Lakini nikivaa kitambulisho cha ofisi nilikuwa nageuka mtu mwingine ambaye hajawahi kupika.

Mzee Saning'o alikuwa likizo. Nilipanda kwake Olmotonyi, nikamkuta anamnywesha ndama dawa kwa chupa. Nikamwamkia, akaitikia, akanipa nimshike ndama kichwa, na nikamweleza yote nikiwa nimeshika kichwa cha ndama. Alimaliza kwanza dawa.

"Miezi minane umetembea na mizani kama hirizi," akasema. "Ulidhani itafanya kazi kwa kukaa tu kikapuni?"

Nikamwambia naweza kurekebisha wiki ya mwisho tu, nipime fungu la sasa. Akasema nikifanya hivyo bei itaonekana imeruka kwa siku moja na hakuna atakayeamini. Ama niseme kwamba safu nzima ni mbovu, na huenda kampuni itatukimbia, na huenda na mimi nikatafute kazi nyingine, ama ninyamaze na watu wakatwe. Aliniachia nichague, akaenda kumfunga ndama. Niliporudi mjini nilikuwa nimeshachagua, lakini sikuona jinsi ya kupima nyanya zilizokwisha kuliwa.

Jinsi hiyo nilipewa na Bi Zaina. Nilikwenda jikoni kumwomba radhi kwa ajili ya mchuzi, naye akasema, bila hata kuinua macho, kwamba yeye anajua vizuri mambo yalipoanza. Wiki ile ya Jumatano ya Majivu nyanya zilikuwa nne. Anakumbuka kwa sababu mhasibu alifunga, na hata hivyo mchuzi haukutosha.

Nikaelewa. Nilirudi Soko Kuu na daftari, nikaketi na kila mama peke yake, muuzaji wa nyanya, wa vitunguu, wa mchicha, wa dagaa. Sikuwauliza mwezi wa pili au wa tano, maana hakuna anayeuza mboga kwa miezi. Niliwauliza Krismasi fungu lilikuwa na ngapi, Jumatano ya Majivu ngapi, Pasaka ngapi, Pentekoste ngapi, na wiki ile watoto walipopata kipaimara. Walinijibu kama wanasoma ukutani. Mmoja alikumbuka kwamba wiki ya Pasaka aliweka nyanya tano tena kwa sababu ya sikukuu, kisha akarudi nne Jumatatu. Walutheri na Wakatoliki, ambao hawakusikia majibu ya wenzao, walitofautiana kwa nyanya moja tu na siku chache. Halafu nikatoa mizani, ili nipime fungu la leo na kupigia hesabu mafungu ya nyuma. Safari hii niliwaeleza ni ya nini, kwamba ni kwa ajili ya posho za wafungashaji wa mbegu. Mama wa nyanya akanitazama kwa huruma. Aliniambia ningesema hivyo tangu mwanzo, wangenishikia mizani wenyewe, kwa kuwa posho ikikatwa na wao watamuuzia nani?

Siku ya kikao meneja alikaa mbele, Mutiso akiwa amekuja na faili lake kutoka Nairobi, na Mzee Saning'o amekatiza likizo akakaa pembeni na koti lake la Jumapili. Nilisema moja kwa moja kwamba rasimu yangu ina kosa, kosa ni langu, na nikaeleza habari za fungu. Niliweka jedwali jipya mezani. Bei ya fungu ilikuwa imesimama lakini bei ya kilo ilikuwa imepanda Arusha karibu sawasawa na Nairobi.

Meneja hakukasirika, na hilo lilinitisha zaidi. Aliuliza, kwa upole, kwa nini jedwali la kumbukumbu za wauza mboga liwe bora kuliko jedwali la mtaalamu. Nikaanza kueleza juu ya Jumatano ya Majivu, nikaona midomo yake inacheka. Nilijua kazi yote ya Mama Aika na wenzake ya kunielimisha inakaribia kupotea chumbani mle.

Ndipo Mutiso akakohoa. Alikuwa ameangalia jedwali langu kwa muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Hata mimi yangu si sawa," akasema. "Mimi nilichukua bei ya kilo supamaketi. Na wafanyakazi wetu hawaendi supamaketi. Wananunua kwa mama mboga mtaani, na yeye pia anapanga mafungu."

Mutiso hakuwa analazimika kusema. Safu yake ilikuwa inaonekana safi, na bila neno lake mimi tu ndiye ningeonekana mzembe. Nilikuwa nimemtania mtu yule kwa miaka, lakini saa ile nilimpenda kama ndugu wa tumbo moja. Mzee Saning'o akasema kwa sauti yake ya chini kwamba kama meneja atapunguza posho kwa karatasi hizi mbili, atakuwa amelinganisha kikapu cha Arusha ambacho hakijapimwa na duka la Nairobi ambalo watu wake hawaingii.

Meneja aliyafunga mafaili. Akasema hakuna posho itakayoguswa upande wowote mpaka tupime upya miezi mitatu, kwa gharama yetu sisi. Kwa gharama yetu! Mhasibu alikaa wiki nzima bila kunisalimia.

Tulipima. Mutiso alinunua mizani ya ndoano kama yangu na akapiga simu kutoka Nairobi kuniambia kwamba akina mama mboga wamemwita inspekta na mmoja amemfukuza. Nikamwelekeza awaeleze ni kwa ajili ya nani. Baada ya miezi mitatu kilo ya Arusha na kilo ya Nairobi zilikuwa zinatembea pamoja, hii mbele kidogo kwa unga, ile mbele kidogo kwa mboga. Meneja alisoma, akauliza maswali mengi, na mwisho akaandika kwamba posho zibaki zilivyo, Arusha na Nairobi. Bi Zaina alipewa mafungu mawili kwa kila chakula na mchuzi ukarudi. Hakuna aliyemwomba radhi isipokuwa mimi.

Nilikwenda Sombetini mwenyewe kumpa Mama Aika habari. Nilimkuta juu ya kigoda anamshikia mume wake bati la chumba cha pili. Alisikiliza bila kuliachia bati. Mume ndiye aliyecheka kwanza, akapigilia msumari. Mama Aika akashuka, akajifuta mikono, akaniuliza kama bado nina yale maswali yangu, maana amezoea kuulizwa. Kwa kweli lilikuwa limebaki moja, la ukurasa wa mwisho: kwa jumla, unaonaje maisha yako ukilinganisha na mfanyakazi mwenzako wa Nairobi?

Akafikiri. Akaniuliza huyo mwenzake ana watoto wangapi. Nikasema sijui, aendaye kwake ni Mutiso. Akauliza kama naye ananunua kwa fungu. Nikasema ndiyo. Akauliza kama na yeye walitaka kumkata. Nikamwambia kwamba safu ya Nairobi ilipopimwa upya ilishuka, na kwamba kweli, kwa siku kadhaa, meneja aliiangalia kwa jicho hilo.

"Basi andika hatujambo," akasema Mama Aika. "Mimi na yeye."

Kisanduku kilikuwa cha jibu la mtu mmoja. Niliandika kwa herufi ndogo, wakaenea wote wawili.